Jinsi ya kupata wazo jipya kutoka kwenye kitabu cha sanaa

Habari zenu, karibuni mezani. Kama umekaa na penseli mkononi na kila unachochora ni kile kile cha mwezi uliopita, video hii ni yako. Leo tunapekua kitabu cha sanaa, na tutakitumia kubuni pindo la khanga.

Andaa daftari, penseli, rula, wembe na kipande cha kadibodi. Kitabu si lazima ununue. Maktaba nyingi hupanga vitabu vya sanaa kwenye rafu zinazoanzia namba 700, nenda moja kwa moja huko. Wauza vitabu vya mitumba nao hupata katalogi za zamani za maonyesho, ambazo watu huzipita tu bila kuzifungua. Mtandaoni, makumbusho ya Metropolitan ya New York na Getty ya Los Angeles yameweka vitabu vyao vingi, unapakua bure na kihalali. Mafaili ni mazito, kwa hiyo subiri ukiwa na waifai.

Najua utauliza, kwa nini nisitazame picha kwenye simu? Simu imeshakuzoea, inakuletea vinavyofanana na ulivyovipenda jana. Aliyepanga kurasa za kitabu hakujui wewe wala ladha yako. Ndiyo maana ukifungua unakutana na kitu ambacho usingekitafuta.

Hatua ya kwanza: pekua bila kusoma. Anzia nyuma kwenda mbele, kama ninavyofanya hapa. Mkono ukisita kwenye ukurasa, chomeka kipande cha karatasi, endelea. Usijiulize umependa nini, na usijilazimishe kusimama kwenye picha kwa sababu tu ni maarufu. Vipande vikifika vitano au sita, acha.

Sasa rudi, chagua ukurasa mmoja. Mimi nimebaki na hii ya Hokusai, Mjapani aliyechora wimbi kubwa mnamo 1831, umri wake ukiwa umepita miaka 70. Ndiyo, ni maarufu, lakini mkono ulisita hapo, basi.

Hatua ya pili: soma maelezo madogo chini ya picha, hasa vipimo. Watu huviruka, na hapo ndipo kitabu kinapodanganya. Humu wimbi limejaza kurasa mbili, ungedhani ni la ukutani. Maelezo yanasema kama sentimita 25 kwa 37. Pima kwa rula kwenye daftari, chora mstatili wa ukubwa huo. Umeona? Ni kubwa kidogo tu kuliko karatasi ya A4. Bahari yote ile imeingia kwenye kitu unachoweza kupakata. Kuhusu rangi, usihangaike kuifuata buluu ya kitabuni ilivyo. Fungua vitabu viwili vyenye picha hii hii, utakuta buluu mbili tofauti.

Hatua ya tatu: tazama kwa muda mrefu. Simamisha video, hesabu mashua. Wengi huona mbili. Ziko tatu, na wapiga makasia wameinama wamejibana kwenye mbao. Kisha tafuta Mlima Fuji. Ni ule mdogo kabisa pale chini, katikati, wenye theluji kileleni, unaoweza kuudhania wimbi jingine. Andika jambo moja tu ulilogundua mwenyewe. Mimi nimeandika: "Povu lina kucha."

Hatua ya nne ndiyo kazi yenyewe. Chukua kadibodi, kata kidirisha cha sentimita 5 kwa 5 katikati. Ikatie mbali na kitabu, tafadhali, hasa kama ni cha maktaba. Weka kidirisha juu ya picha, ukitembeze polepole. Hapa kuna anga tu, pita. Hapa mashua, bado inasimulia hadithi ya bahari. Hapa… simama. Ncha za povu peke yake. Wimbi limetoweka, zimebaki kucha nyeupe juu ya buluu, zote zimeinama upande mmoja. Hicho ndicho tunachochukua.

Nakili kwa mkono mara moja. Usione haya kunakili kwa kujifunza. Van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, alinakili kwa rangi za mafuta chapa, yaani picha zilizochapwa kwa ubao uliochongwa, za Mjapani Hiroshige, mwaka 1887. Ila ukimaliza, funga kitabu na uchore tena kwa kumbukumbu. Ulichosahau, mkono wako utakijaza kwa mazoea yake. Kucha zangu za pili zimekuwa nene, zimekaribia majani ya mgomba. Ninaziacha hivyo hivyo.

Sasa zipange mstari mmoja kuwa pindo. Upande mrefu hausumbui, kazi huharibika kwenye pembe. Kucha zinazoelekea kulia zikikutana na zinazoshuka, zinagongana. Geuza safu ya pili kama kwenye kioo, au acha pembe wazi na uweke umbo jingine. Mimi nimeweka duara tupu. Kwenye mji, yaani sehemu ya katikati ya khanga, nimeacha nafasi kubwa, na rangi ni tatu tu.

Ukikwama hapo, leta kitabu cha pili kisichohusiana kabisa. Huyu ni Edward Tingatinga, aliyeanza kuchora kwa rangi za kung'aa kwenye hadibodi, Dar es Salaam, mwaka 1968. Kwake sichukui chui wala ndege, nachukua swali: umbo moja likijaza ubao mzima, inakuwaje? Nikarudi kwenye mji wa khanga, nikaweka ukucha mmoja mkubwa. Afadhali sana.

Angalizo kabla ya kuuza. Chapa ya Hokusai ni ya karne ya 19, haki zake zimeshakwisha. Mchoraji aliye hai, au aliyefariki juzijuzi, kazi yake ina wenyewe. Kuipiga picha kitabuni na kuichapa kwenye fulana ni wizi, hata ukibadilisha rangi.

Andika jina la kitabu na namba ya ukurasa pembeni ya mchoro wako, utavihitaji. Video ijayo tunahamishia pindo hili kwenye kitambaa, kwa hiyo tafuta mita moja ya pamba nyeupe, uifue kabisa kutoa wanga.