Bia ya Pipa Kwenye Pabu ya Kijijini: Kazi Yote Iko Stoo ya Chini

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo tuko kwenye pabu, yaani baa ya Kiingereza, ya kijijini huku Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Wengi mnauliza kwa nini Waingereza wanakunywa bia ya moto. Si ya moto. Bia ya pipa inanywewa ikiwa nyuzi 11 hadi 13. Ukiipoza sana kama tulivyozoea nyumbani, harufu ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, inajificha na bia inaweza kupoteza mng'ao. Ukiiacha kwenye joto, inaharibika upesi.

Tushuke stoo ya chini, maana huku ndiko bia inakopona au kufa. Pipa hili ni la galoni 9, yaani painti 72, kama lita 41. Bia iliyomo bado ni hai: hamira haijachujwa, inaendelea kuchachusha taratibu na kutengeneza gesi yake yenyewe. Kama mbege ya Uchagani, ina siku zake. Pipa likifika linalazwa ubavu na kuwekewa kabari lisitikisike, ili mashapo yatuame tumboni.

Halafu kijiti laini cha mbao, kinachopitisha hewa, kinapigiliwa kwenye kizibo cha juu. Gesi iliyozidi inatoka na povu linabubujika. Mtunza stoo anapangusa povu, anaangalia linarudi kwa kasi gani. Likianza kurudi polepole, anabadilisha, anachomeka kijiti kigumu ili gesi iliyobaki isipotee. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukiziba mapema, glasi inajaa povu tupu. Ukichelewa, bia inaishiwa gesi, haina uhai mdomoni. Na wakati wa kuuza kijiti kigumu lazima kilegezwe, la sivyo hewa haiingii na bomba linavuta kwa shida.

Bilula inagongwa kwenye kizibo cha mbele kwa nyundo ya mbao, pigo moja la uhakika, nayo ikiwa imefungwa. Kisha pipa linaachwa litulie, mara nyingi siku nzima.

Watu wa Mwanza na Kisumu, hii inawahusu: kinachovuta hamira chini hadi bia ing'ae ni dawa inayotengenezwa kwa mabondo (mifuko ya hewa) ya samaki yaliyokaushwa, na mabondo ya sangara wa Ziwa Victoria yamewahi kusafirishwa kwa kazi hiyo. Asiyekula samaki aulize kwanza kaunta. Siku hizi zipo bia zisizotiwa.

Juu kaunta, bomba la mkono linavuta karibu nusu painti kila mvuto, bila gesi ya kusukuma. Huku kaskazini wanafunga kifuniko chenye matundu madogo mdomoni mwa bomba, povu linakuwa zito. Kusini wengi hawakitaki. Pipa likishafunguliwa, hewa inaingia kila bia inapotoka, kwa hiyo liishe ndani ya siku 3 hivi. Kwa maoni yangu, pabu ndogo yenye aina 2 za bia zinazotoka haraka inaishinda yenye 8 zinazokaa. Bia ikinuka siki, irudishe kwa upole kabla hujafika nusu glasi. Pabu nzuri inakubadilishia bila maneno. Shukrani nyingi ziende kwa CAMRA, chama cha wanywaji kilichoanzishwa 1971, wakati viwanda vikubwa vilipokuwa vikieneza kila mahali bia inayosukumwa kwa gesi.

Chakula: Jumapili ni nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi, mboga, mchuzi mzito na Yorkshire pudding. Hiyo ni mayai, unga na maziwa kwa ujazo sawa, inamiminwa kwenye mafuta yanayofuka moshi, oveni nyuzi 220. Ukifungua mlango katikati, inaporomoka.

Mara nyingi hakuna mhudumu wa kukufuata mezani: agiza na ulipe kaunta, ukiwa umekariri namba ya meza. Jumapili jiko mara nyingi linafungwa alasiri hata kama bia inaendelea, hivyo pigeni simu mapema mshikiwe nafasi.