Pipa la Kusafishia Shaba Nyeupe

(Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya mafundi na vijana wa karakana)

Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, vijana, karibuni. Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu katika joto hili mkaja kukaa na fundi. Pipa mnalolisikia likinguruma pale pembeni nililiwasha saa tano asubuhi. Liacheni lizunguke, tutalifungua kabla hatujaagana.

Ndani yake mna njumu, yale mapambo ya kupigilia, za mlango wa nyumba moja ya zamani huku Ngamiani, bawaba sita na koki mbili za bomba. Zote ni shaba nyeupe. Kamusi zinaiita nyeupe ingawa ikitakata ni njano kama dhahabu, na sisi mafundi wengi tunaiita brasi. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Shikeni hilo la zinki, nitalirudia.

Marehemu mama yangu alikuwa akisugua sinia zake kwa ukwaju na majivu kila inapokaribia Idi. Ukwaju una asidi inayoyeyusha weusi, majivu yanakwangua. Kwa sinia njia hiyo haina mshindani mpaka leo. Lakini njumu ina mabonde na vishimo ambavyo kidole hakifiki, na mlango mmoja una njumu nyingi. Nilipoletewa za kwanza nilizisugua kwa mkono siku nne, kucha zikaisha, na mashimoni kutu ya kijani ikabaki vilevile.

Dawa nimeipata kwa watu ambao kazi yao haifanani na yetu hata kidogo. Marekani, na kwingineko wanakolenga shabaha kwa mchezo, wapo wanaojaza risasi zao wenyewe. Risasi ikishapigwa, linabaki ganda, nalo ndilo sehemu ya gharama zaidi. Wanaliokota, wanang'oa kiwashio kilichoungua, kile kidude cha kitakoni kinachoanzisha moto, wanalirudisha kwenye kipimo chake ndani ya kalibu ya chuma, kisha wanalijaza upya. Ganda zuri hurudiwa mara kadhaa. Lakini likiingia kwenye kalibu na masizi na mchanga, kalibu inakwaruzika, na kila ganda linalofuata linatoka na mchirizi. Kwa hiyo lazima lisafishwe kwanza, mamia kwa mkupuo, nje na ndani, mpaka kwenye kitundu cha kiwashio. Wengi wao wameunda mashine hiyo nyumbani kwa mabomba na mota kuukuu. Kwetu kujaza risasi si jambo la karakana. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mimi siligusi. Na kijana akiokota risasi ambayo haijapigwa, asiisafishe wala asiitie mfukoni. Aiache palepale, apeleke habari polisi. Nilichochukua kwa wale ni pipa lao, na jinsi wanavyoijua shaba nyeupe.

Maana wanaijua. Shaba ya maganda ni sehemu 70 za shaba nyekundu kwa 30 za zinki, imekandamizwa na kuvutwa ikiwa baridi, hivyo ndani yake mna mkazo uliofungwa kama upinde uliovutwa ukaachwa hivyo. Enzi za Waingereza kule India, maganda yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalikuwa yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, bila kuguswa na mtu. Jeshi la India hiyohiyo ndilo lililoteremka Raskazone, hapa Tanga, kupigana na Wajerumani Novemba 1914, kwa hiyo historia hii haiko mbali nasi. Sababu ilielezwa mwaka 1921 na watafiti watatu, Moore, Beckinsale na Mallinson: ni amonia. Mkojo wa farasi unatoa amonia, unyevu wa masika unaibeba, inapenya penye mkazo na kupasua. Sasa angalieni dawa za kung'arishia mnazonunua. Ile inayowachoma pua mkifungua kifuniko, aghalabu ina amonia. Inang'arisha kwa dakika tano. Msiitie kwenye pipa. Bawaba iliyokunjwa kwa nyundo ina mkazo uleule wa ganda la risasi.

Tuje kwenye pipa lenyewe. Hili nimelikata kwenye bomba la plastiki la milimita 160, urefu sentimita 30. Upande mmoja nimegandisha kifuniko moja kwa moja, upande wa pili nimeweka kifuniko cha kuzungusha chenye pete ya mpira. Ndani nimefunga vipande vitatu vya mpira kwa urefu, kama mbavu. Bila mbavu bomba ni laini mno: mzigo unateleza chini kwa pamoja kama mtu aliyelala kwenye machela, haupinduki. Pipa linakaa juu ya vyuma viwili vya mviringo vilivyovishwa mpira wa bomba la maji, kila kimoja kina beringi mbili. Kimoja kinaendeshwa na mota, cha pili kinafuata tu. Vyuma hivyo visipokuwa sambamba kabisa, pipa litatembea pole pole mpaka lianguke. Langu lilianguka usiku nikiwa nimelala. Wekeni kizuizi kila mwisho. Mota ni ya nguvu-farasi robo, nayo mzigo wa kilo saba hauisumbui. Iinueni juu ya usawa wa pipa, maji yakivuja yasiifikie, na waya wa ethi usisahaulike.

Mwendo ndio unaowashinda wengi. Kila aliyekuja karakana kuniangalia ameniambia, fundi, ongeza mwendo, limalize upesi. Ndugu zangu, chukueni ndoo ya maji muizungushe kwa mkono juu ya kichwa. Maji hayamwagiki, yamegandamia kitako cha ndoo. Pipa likipita mwendo fulani, vitu vyote vinaganda ukutani hivyohivyo na vinazunguka nalo bila kusuguana. Umeme unaliwa, kazi haifanyiki. Mwendo huo unahesabika: chukua 42.3, gawanya kwa kipeuo cha pili cha upana wa ndani kwa mita. Hili langu ndani ni mita 0.15, kipeuo chake 0.387, jibu ni mizunguko 109 kwa dakika. Mimi nataka nusu yake. Mzigo upande ubavuni, ufike juu kidogo, uporomoke taratibu kama mchanga wa kichuguu. Ule mporomoko ndio unaosafisha. Vikirushwa juu vikaanguka, vinagongana na kingo zinajikunja.

Mota inazunguka 1,400 kwa dakika. Puli ndogo ya milimita 50 inavuta kubwa ya 250, tunabaki na 280. Chuma chenye mpira kina milimita 30, pipa lina 160, tunapata 52. Mnaona, ni puli mbili tu na mkanda, wala hakuna gia.

Ndani ya pipa tunatia nini? Hapa nilikosea vibaya, na nawaeleza ili msirudie. Wale wa Marekani wanatumia vijiti vya chuma kisichoshika kutu, unene milimita moja, urefu kama punje ya mchele. Mimi sikuwa navyo. Nikakata misumari ya kawaida, nikamimina maji, sabuni na ndimu, nikaenda kulala. Asubuhi njumu za watu zilikuwa waridi. Si njano, waridi, kama ngozi ya mtoto mchanga. Mwenye mlango aliziangalia hakusema neno, nami nilitamani anitukane. Ndimu ilikuwa imeyeyusha shaba kidogo majini, na chuma cha kawaida kikiwamo kwenye asidi, ile shaba nyekundu inarudi kujibandika juu ya vitu vyako. Ilinibidi nizirudie moja moja kwa mkono. Siku hizi nanunua waya usioshika kutu na kuukata kwa koleo jioni baada ya jioni. Ni kazi ya kuchosha, lakini vijiti hivyo haviishi.

Rangi hiyo ya waridi inaweza kuja kwa njia nyingine pia, na hapo ndipo zinki inarudi. Asidi ikizidi, au vitu vikikaa humo muda mrefu mno, zinki inatoka kwenye uso wa shaba na kuacha nyekundu peke yake. Kwa hiyo ndimu moja tu kwa pipa zima, sabuni ya vyombo kijiko, maji yapite mzigo kwa vidole viwili, na saa mbili au tatu. Na msichanganye ndimu na magadi ndani ya pipa lililofungwa. Hewa inayotoka pale itafyatua kifuniko.

Yale maji machafu baadaye msimwage kisimani wala kwenye mboga. Ya maganda yana risasi, ile madini, kutoka kwenye viwashio. Ya njumu za zamani yanaweza kuwa na rangi ya mlango iliyotiwa risasi vilevile.

Wapo wanaosafisha kwa ukavu. Huko nje wanatumia maganda magumu ya kokwa za jozi yaliyosagwa au magunzi ya mahindi. Magunzi tunayo, tunayachoma jikoni! Yasagwe, yachekechwe, zibaki chembe ndogo kuliko kitundu chochote mnachosafisha, vinginevyo mtakaa na sindano mkichokoa. Mimi nayatumia kukaushia tu, na navaa barakoa kwa sababu ya vumbi.

Kuna vitu ambavyo sivitii humu hata mtu akinilipa mara mbili. Njumu zilizochongwa maua kwa mkono wa fundi wa kale, mistari yake imebaki myembamba kama uzi. Saa tatu za pipa zitaila. Hizo ni za mswaki, maji ya uvuguvugu na subira. Kitu kilichofukuliwa ardhini pia kipelekwe kwa wataalamu wa mambo ya kale kikiwa na udongo wake.

Haya, kijana wangu, zima pale ukutani. Ngoja lisimame lenyewe, usilishike. Fungua kifuniko ukiwa umelisimamisha wima, mimina kwenye chekecheke juu ya ndoo, vijiti visipotee. Suuza mara mbili. Sasa kwenye magunzi haraka, maana zikikauka zenyewe kwa upepo huu wa bahari zitaota madoa kabla ya magharibi, na tukishazikausha tutazipaka nta ya nyuki. Mzee, pokea hii uitazame shimoni, pale katikati. Mpitishie na mwenzako.