Farasi Alilala Pema Kuniliko

Assalaam alaykum ndugu zangu. Leo hamnioni na koti wala kofia ya sufu, na sauti mnayoisikia nyuma yangu si ya farasi, ni ya punda wa jirani. Niko Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni, juu ya paa la nyumba ya mamangu. Nimekuja likizo ya wiki tatu, na kwa wiki zote hizi tatu mshahara wangu unaingia kama kawaida. Naanza na hilo kwa sababu mwaka 2022, nilipoanza usaisi Uingereza, mtu angeniambia ipo siku nitalipwa huku nimekaa kwa mama nala wali wa nazi na samaki wa kupaka, nisingemwamini.

Neno ni saisi, ninyi mnaoniandikia "mchunga farasi". Farasi wale hawachungwi. Saisi humlisha farasi, humsugua, humzolea mavi, humvisha blanketi na kumvua, humtandika, humtembeza, humpakia kwenye lori la kwenda mashindanoni, na usiku farasi akishikwa na msokoto wa tumbo, saisi ndiye anayekesha naye. Mwenye kumpanda na kupigiwa makofi ni mwingine.

Na viza niimalize haraka, maana ndiyo inayojaza simu yangu. Mimi nilikwenda kwa viza ya ndoa. Sina kazi ya kumpa mtu. Akija mtu hapa Amu au Malindi akasema ana nafasi za usaisi, iwe Uingereza au Ghuba, umtumie pesa ya fomu, kwanza kaangalie kama ofisi yake imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Basi.

Ninachotaka kukisema leo ni hiki: kabla hujauliza mshahara ni kiasi gani, uliza utalala wapi, na siku ukiumia itakuwaje kuhusu hicho kitanda.

Mazizi yangu ya kwanza yalikuwa ya farasi wa kuruka viunzi. Siyataji jina. Farasi mmoja pale bei yake ingejenga nyumba kadhaa za ghorofa Mokowe. Kila farasi alikuwa na zizi lake, chini pametandikwa mkeka mzito wa mpira, juu ya mpira maranda ya mbao yanayobadilishwa kila siku, pembeni beseni la maji linalojijaza lenyewe. Kulikuwa na taa za joto za kuwakausha migongo baada ya mazoezi, na kamera ili mwenyewe awatazame usiku akiwa kitandani kwake. Mimi na kijana mwingine tulilazwa kwenye karavani kuukuu, kijumba cha magurudumu cha kukokotwa na gari, nyuma ya lundo la samadi.

Desemba ile bomba la karavani liliganda. Tukawa tunachota maji kwa ndoo kwenye bomba la mazizi, maana lile limevishwa sufi lisigande, farasi wasikose maji. Choo kilikuwa ng'ambo ya uwanja. Ukuta wa karavani ulitoka jasho kila usiku, na nilipoinua godoro nikakuta upande wa chini ni mweusi kwa kuvu. Tulikuwa na hita ya gesi tusiyojua ilikaguliwa lini, nasi tulikuwa tumeziba madirisha kwa matambara ili baridi isiingie. Leo nikikumbuka yale matambara moyo unanienda mbio, kwa sababu moshi wa gesi usio na harufu umewaua watu wengi wakiwa wamelala, na kingekuwamo mle kidude cha kupiga kengele cha pauni chache tu tungekuwa salama. Hakikuwamo. Mama alikuwa akinipigia simu ya video, nami namwelekezea kamera farasi. Sikuwahi kumwonyesha ndani.

Kuna siku nilipima. Chama cha farasi cha Waingereza, British Horse Society, kinashauri zizi la farasi wa kimo cha kawaida lisipungue futi 12 kwa 12. Hiyo ni zaidi ya mita 13 za mraba. Chumba chetu cha watu wawili hakikufika nusu yake. Baadaye nikaja kujua kuwa hata kwenye nyumba za kupanga watu wengi zinazohitaji leseni kule England, sheria inataka chumba cha mtu mzima mmoja kisipungue mita 6.51 za mraba. Yaani binadamu kwa sheria anaanzia chini ya nusu ya farasi. Sisemi farasi apunguziwe. Mnyama yule ni mkubwa, anahitaji kugeuka na kulala. Nasema tu kwamba aliyemjengea vile alijua kiumbe hai anahitaji nini, kwa hiyo hawezi kusema kwangu hakujua.

Sasa pesa. Nilikuwa nafanya saa kama 60 kwa wiki, na siku za mashindano naamka saa tisa usiku na kulala kwenye kitanda kilicho juu ya kichwa cha lori. Nikilipwa pauni 250 kwa wiki, na kila nikiuliza naambiwa, "Lakini nyumba ni bure." Hapo ndipo wengi tunapoliwa, basi nisikilizeni vizuri. Mwaka ule kima cha chini kwa mtu wa umri wangu kilikuwa pauni 9.50 kwa saa. Zidisha mara 60, unapata 570. Sheria yao inamruhusu mwajiri aliyekupa malazi kuhesabu kiasi fulani tu, hata akikulaza kwenye kasri. Mwaka ule kilikuwa pauni 8.70 kwa siku, 60.90 kwa wiki. Toa hiyo kwenye 570: nilistahili isipungue 509 na senti. Chakula hakihesabiwi kwenye kima cha chini, wala kupewa farasi umpande. Malazi peke yake. Viwango hivi hubadilika kila Aprili. Aprili 2025 vilifika pauni 12.21 kwa saa kwa aliyetimiza miaka 21, na malazi pauni 10.66 kwa siku. Waliobaki chini ya hapo waibiwa, hata kama mwajiri anatabasamu na kuwaletea keki Krismasi.

Na mimi nililetewa keki.

Februari farasi mmoja jike alinipiga teke juu kidogo ya goti. Hakuwa na ubaya, alishtushwa na mlango. Daktari akaniambia nipumzike wiki tatu. Nikarudi karavanini na magongo, na siku ya nne mwenye mazizi akaja, akasimama mlangoni, akasema anamleta saisi mwingine na anahitaji kitanda. Nikauliza malipo ya ugonjwa. Akasema sina, kwa sababu mimi "nimejiajiri mwenyewe". Ndilo neno lililokuwa kwenye karatasi niliyotia saini bila kuisoma vizuri. Nina mguu mmoja, theluji nje, na nyumba na kazi vimekatika kwa sentensi moja.

Aliyeniokoa ni binti wa Kipolandi tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja. Alikuwa mwanachama wa British Grooms Association, chama cha masaisi, na alikuwa na majibu mengi kuliko mimi. Akaniuliza: Nani anakupangia saa ya kuingia? Vifaa ni vya nani? Ukiumwa unaweza kumtuma nduguyo afanye badala yako? Nikajibu. Akasema, basi wewe ni mwajiriwa, karatasi iandike inavyotaka. Akanionyesha mambo niliyokuwa nikiyasikia kwa mara ya kwanza: kwamba maelezo ya kazi kwa maandishi ni haki tangu siku ya kwanza, kwamba kwa mwaka kuna likizo ya malipo ya wiki 5.6, kwamba mwajiri lazima awe na bima ya wafanyakazi isiyopungua pauni milioni 5 na cheti chake kionekane. Nikapiga simu Acas, shirika la ushauri wa mambo ya kazi, ambao hushauri bure. Nilipata sehemu ya haki yangu. Si yote, lakini nilipata.

Wenyeji wenyewe haya hawakuyapata kwa kuomba. Mwaka 1975 masaisi wa Newmarket, mji wa farasi wa mbio, waligoma wakitaka nyongeza, wakaingia uwanjani siku ya mashindano makubwa wakaziba njia. Mpanda farasi mashuhuri, Willie Carson, akavutwa akashushwa. Leo masaisi wa mbio wana chama cha wafanyakazi kinachokaa mezani na chama cha wakufunzi wa farasi kujadili viwango. Sisi wa farasi wa viunzi na mashindano mengine hatuna meza kama hiyo. Tumetawanyika, wawili hapa, watatu pale, kila mmoja kwenye shamba lake, na ndiyo maana karavani kama ile inaweza kukaa miaka bila mtu kuiona.

Mazizi niliyopo sasa nayasema kwa furaha. Nina chumba chenye ufunguo, na mwenyewe akitaka kuingia anagonga. Kuna joto, kuna maji ya moto, na kuna mashine mbili za kufulia, moja ya mablanketi ya farasi, moja ya nguo zetu. Aliyewahi kuvaa shati lililofuliwa pamoja na blanketi la farasi anajua nathamini nini. Siku ya mapumziko haiguswi. Ramadhani ya kwanza niliogopa kuomba chochote, kumbe mama mwenye mazizi mwenyewe ndiye aliyeniuliza magharibi inaingia saa ngapi, akampa mwenzangu zamu ya kulisha jioni. Na farasi wake hawajapungua uzuri hata chembe kwa sababu mimi nimelala vizuri. Kinyume chake: saisi aliyelala huona mapema mguu ulioanza kuvimba.

Sasa nisiwaseme Waingereza nikanyamaza ya kwetu. Nimekulia kati ya punda. Ami yangu alikuwa nao sita, wakibeba mchanga na mawe ya wajenzi kwenye vichochoro ambavyo gari halipiti. Punda wake akiumia mgongo alipelekwa kliniki ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, akatibiwa bure. Kijana aliyekuwa akiwaswaga alilala stoo, juu ya magunia, akilipwa kwa safari. Siku alipoangukiwa na jiwe mguuni, alikwenda kwao Matondoni na sikumbuki mtu kumfuata na pesa. Mimi nilikuwa mtoto, nikakiona, nikaona ni kawaida. Watalii hupiga picha punda mpaka leo, na kijana hukatwa pembeni ya picha. Juzi nilimuuliza ami habari za kijana wake yule. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kweli, mwanangu, hatukumtendea vyema."

Nimalizie na binti wa Malindi aliyeniruhusu nimtaje bila jina. Anasoma Uingereza, na mazizi fulani yamempa kazi ya asubuhi pamoja na chumba, naye anataka kuhama hosteli. Nilimwambia mambo mawili kabla ya yote. Viza yake ya mwanafunzi wa chuo kikuu inamruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, hazizidi. Pia haimruhusu kujiajiri, kwa hiyo mwajiri akimwandika "amejiajiri mwenyewe", atakayeingia matatani na uhamiaji ni yeye binti.

Kisha tukaandika maswali pamoja, hapahapa juu ya paa, kwa adabu kabisa. Naomba picha ya chumba, na ya choo. Nani mwingine ana ufunguo? Hita ni ya aina gani, na kengele ya moshi wa gesi ipo? Malazi yanakatwa kiasi gani kwenye hati ya mshahara? Nikiumia, nina siku ngapi kabla ya kutakiwa kuondoka? Mkataba nitaupata lini?

Jibu lilikuja jana usiku. Picha ya chumba imetumwa, ni kizuri, kina dirisha. Kengele ipo. Makato yako ndani ya sheria. La mkataba, ameambiwa "tutaongea ukifika". La kuumia halikujibiwa kabisa. Nimemwomba asirudishe ufunguo wa hosteli mpaka hayo mawili yaje kwa maandishi, naye amekubali kusubiri mpaka Jumatatu.

Niwaache hapo. Punda wa mchanga wamefika mlangoni, na kijana wao yuko peke yake. Nashuka kumsaidia kupakua.