Mji Mzima Kwenye Viatu vya Njano

ZAWADI: Karibuni. Leo Musa ametuletea tamthilia mbili za miaka ya 1950 kuhusu miji midogo inayogeuka hakimu.

MUSA: Ya kwanza unaijua, dada. The Crucible ya Arthur Miller, 1953. Kesi za uchawi za Salem, Massachusetts, mwaka 1692.

ZAWADI: Ambako watu 19 walinyongwa kweli. Na mzee Giles Corey akagandamizwa kwa mawe mpaka akafa, kwa sababu alikataa kujibu shitaka.

MUSA: Mtego wake sasa: ukikiri uchawi, unapona. Ukikana, kitanzi.

ZAWADI: Na kukiri hakutoshi, utaje na wenzako. Hapo ugomvi wa mashamba unapata pa kupitia. Putnam kwenye tamthilia anatuhumiwa kumchochea bintiye amtaje jirani ili ardhi ya jirani iuzwe.

MUSA: Miller mwenyewe yakamkuta. Mwaka 1956 kamati ya Bunge la Marekani ilimtaka ataje waandishi aliokutana nao kwenye mikutano ya wakomunisti. Akagoma. Akatiwa hatiani 1957, rufaa ikamsafisha 1958.

ZAWADI: Alijitabiria huyu! Haya, ya pili?

MUSA: Der Besuch der alten Dame, yaani Ziara ya Bibi Mzee, ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt, 1956. Claire, mama mwenye mali ya kutisha, anarudi kwao Güllen, mji uliofilisika. Anaahidi bilioni moja, mradi Alfred Ill auawe.

ZAWADI: Kafanya nini?

MUSA: Ujanani alimpa mimba, akamkana, akahonga mashahidi wawili kwa pombe waseme nao walilala naye. Mahakama ikawaamini, Claire akaondoka na aibu yake.

ZAWADI: Basi ana haki ya kudai!

MUSA: Ndiyo ugumu wenyewe. Meya anaikataa hiyo pesa hadharani, watu wanashangilia. Halafu wanaingia dukani kwa Ill, wanachukua maziwa, sigara za bei, yote kwa mkopo. Ill anatazama chini: viatu vipya, vya njano, miguu yote.

ZAWADI: Mungu wangu. Watalipa na nini?

MUSA: Naye anajiuliza hivyo hivyo. Na hakuna anayemtukana! Ndiyo maana kwangu Dürrenmatt kampiku Miller. Salem unapata wa kumchukia. Güllen humpati.

ZAWADI: Hapana, kaka. Proctor, yule mkulima wa Salem, anapochana karatasi ya kukiri uchawi aliyokwisha kuisaini, kuna mtu amesimama. Güllen anasimama nani?

MUSA: Mwalimu anajaribu, tena akiwa amelewa. Baadaye ndiye anayetoa hotuba tamu ya haki kwenye mkutano wa kura ya kuipokea bilioni.

ZAWADI: Aa, walimu!

MUSA: Mikono yote inapanda. Ill analia, "Mungu wangu!" Mpiga filamu anaomba radhi, taa imemharibikia, warudie. Wanarudia, mikono juu tena. Ila Ill kimya.

ZAWADI: Kisha wanamuua.

MUSA: Daktari anasema ni moyo. Meya anasema amekufa kwa furaha.

ZAWADI: Na bilioni?

MUSA: Claire anamkabidhi meya hundi hapo hapo.