Wanangu wa Dar, msinunue baiskeli ya umeme ya mtumba ya Ulaya, fungeni mota kwenye ya kawaida

Mambo vipi wanangu, leo sina utangulizi mrefu maana inboksi yangu imejaa swali moja tu, kaka ukija Desemba niletee baiskeli ya umeme, na wale wajanja zaidi wanasema basi niletee betri peke yake itie kwenye begi. Betri kwenye begi haiji. Sio roho mbaya jamani, ndege ya abiria haibebi betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na betri ndogo ya kawaida ya baiskeli ina kama 360, kwa hiyo hata nikiifukia katikati ya majinzi skana inaiona, betri inabaki uwanja wa ndege wa Schiphol na mimi nakosa ndege.

Haya twende kwenye lenyewe. Huku Uholanzi kama nusu ya baiskeli mpya zinazouzwa ni za umeme, yaani hapa Rotterdam siku ya upepo unakanyaga mpaka roho inatoka, halafu bibi wa miaka sabini na kitu anakupita na mboga zake kwenye kapu, hata hahemi, anakusalimia kabisa. Sasa mnaziona kwenye video zangu mnazitamani, nawaelewa, lakini hizi zimetengenezwa kwa sheria ya huku, mota mwisho wati 250 na ukifika kilomita 25 kwa saa inaacha kukusaidia, ukiichokonoa ikimbie zaidi polisi wanakusimamisha wanaipandisha kwenye kimashine cha kuzungusha tairi wanapima spidi hapo hapo. Na zimetengenezwa kwa nchi tambarare yenye fundi mwenye kompyuta kila mtaa.

Hiyo ya kompyuta ndiyo inayoniogopesha kwa upande wenu. Mtu anakuletea ya mtumba imetoka kwenye kontena, inang'aa, bei inaonekana dili, ila betri imeshachoka kwa sababu mzungu hauzi baiskeli ya umeme yenye betri nzima hivi hivi. Unasema poa nitaweka betri nyingine. Unaweka nini? Mifumo mingi ya Ulaya betri na mota na kile kioo cha mbele kinachoonyesha spidi vinatambuana, ukiweka betri ngeni volti zinafika vizuri kabisa na baiskeli inagoma kuwaka. Umenunua baiskeli ya kawaida yenye kilo ishirini na tano, hongera. Na sio mtumba tu, kampuni ya VanMoof ya Amsterdam ilifilisika Julai 2023, baiskeli zao zinafunguliwa kwa simu, watu wakaanza kukimbizana kuhifadhi funguo zao za kidijitali wakihofia seva ikizimwa baadhi ya vitu vitakufa, washindani wao Cowboy wakatengeneza programu ya kuwasaidia. Hapo ni Ulaya, duka liko mtaa wa pili. Wewe uko Kimara unampigia nani?

Kwa hiyo jibu langu kwa mtu wa Dar ni badilisha, chukua baiskeli ya kawaida ufunge mota ambayo kila kitu chake kinauzwa kivyake, kontrola, kile kiboksi kinachoongoza umeme wa mota, ikifa unanunua kontrola, ikifa throto ya kuongezea moto mkononi unanunua throto, fundi yeyote anayejua kusoma waya anakusaidia.

Ngoja nisogeze kamera mwone. Hii nimemnunulia dogo langu, anakaa Kimara anafanya kazi Posta, itaenda na kontena la jamaa. Ni tairi la nyuma limeshasukwa spoku, mota iko hapa katikati kwenye habu, wati 500 volti 48, ina giya ndani. Ukizungusha kwenda mbele mnasikia iko nyepesi, maana yake betri ikiisha njiani unakanyaga kama baiskeli nyingine tu, zipo mota zisizo na giya ndani, zile zinaburuza na ni nzito, kwa mlima wa kutoka Ubungo kurudi Kimara sizipendi. Sasa angalieni hii ekseli, imekatwa bapa pande mbili. Mota ikivuta inazungusha tairi mbele na ekseli yenyewe inataka kujizungusha kinyumenyume, kinachoizuia ni ule mdomo wa fremu inapokaa nati basi. Fremu ikiwa ya alumini, mdomo unapanuka kidogo kidogo, siku moja ekseli inazunguka, inakata waya wote, na kama ulifunga kwenye foku ya mbele tairi linachomoka ukiwa kwenye spidi. Ndio maana kuna hiki kichuma kirefu chenye tundu bapa, kinavaa ekseli halafu kinafungwa kwenye fremu na klempu, ni bei ya kutupa, fundi akikwambia hakina kazi badilisha fundi.

Na tafuteni fremu ya chuma, nyie mna bahati hiyo, zimejaa.

Ila sio Phoenix ya babu. Najua wengi mnayo nyumbani, imara, inabeba gunia la mkaa, lakini breki zake zile za vyuma badala ya waya zinavuta rimu kutokea ndani, na ile saizi 28 yake sio 28 ya tairi za mota, ya kwake rimu ni milimita 635 na hizi ni 622, kwa hiyo ukiweka tairi jipya breki haina pa kushika. Hata ukibaki na rimu yake ya zamani, rimu ya chuma ikilowa breki inateleza tu, sasa wewe umeongeza mota. Chukua baiskeli ya giya ya mtumba, tairi 26, breki za waya zinazobana pembeni au diski, ibebe mpaka kwa fundi akague foku na fremu kama kuna ufa kabla hujaongea habari ya umeme kabisa. Bei ya hizo mnaijua nyie kuliko mimi.

Betri. Hapa ndipo hela yako iende, mimi ningeweka nusu ya bajeti nzima hapa bila kujiuliza. Hesabu ni rahisi, volti mara ampia-saa, 48 mara 13 unapata 624, hizo ndio wati-saa. Ukikanyaga na wewe kidogo unakula kama 15 kwa kilomita, ukikaa kama bosi unashika throto tu ni 20 na zaidi. Kimara mpaka Posta weka kilomita kumi na tano, kwenda na kurudi thelathini, mara 15 ni 450. Umebaki na akiba ya mvua na upepo na siku ukimpakia mtu. Yule anayekuuzia ya volti 36 ampia-saa 10 kwa safari hiyo, ni 360 hiyo, utamalizia kwa miguu kwenye mlima. Kuichaji ikiwa tupu ni kama nukta saba ya uniti, LUKU ya kawaida haifiki shilingi 300, linganisheni wenyewe na nauli yenu.

Lakini jamani hizi zinaungua. Betri ya kuunga seli za laptop iliyofungwa gundi na selotepu usiiingize ndani. Chaja ya betri hii ya volti 48, yenye seli 13 kwa mfuatano, lazima iwe imeandikwa volti 54.6, ya bodaboda ya umeme au ya asidi hata kama plagi inaingia hapana, zipo za 58.4, hizo zinajaza kupita kiasi. Usichaji usingizini, na usichaji mlangoni, kwa sababu ikiwaka utapita wapi? Usiiache juani kwenye bati mchana kutwa pia, joto la Dar linaizeesha kabla ya wakati.

Maji nayo. Mvua ya kawaida haina shida, ila waya unapoingia kwenye ekseli uache ushuke chini kidogo kabla ya kupanda, tone lidondoke lisifuate waya mpaka ndani ya mota. Jangwani ikijaa maji usijaribu, habu ikizama imekunywa, shuka panda mwendokasi baiskeli utaifuata kesho. Na zile njia za baiskeli pembeni ya Morogoro Road najua bodaboda wamezigeuza zao, hiyo siwezi kuwatatulia kutoka huku, fungeni kengele yenye kelele na taa.

Kwa wanaouliza betri itafikaje sasa, ongeeni na mawakala wa mizigo wanaokusanya China, meli, sio ndege, na semeni wazi kwamba ni betri, msidanganye mkaandika spika, mnachoma kontena la watu.

Hapo kwenye komenti niandikie unatoka wapi unaenda wapi, uzito wako, na picha ya fremu pale tairi la nyuma linapokaa, nikupigie hesabu ya betri. Wale wa Mbagala na Gongo la Mboto anzeni nyie, maana hizo ni kilomita nyingi na nahisi 624 haitoshi. Sabskraibu basi, video ijayo nafunga hii mota mwanzo mwisho.