Mbuzi 40, wanunuzi watano
Mhadhara kwa wanachama wa vikundi vya akiba, Busia, Uganda

Wazee wangu, mama zetu, na nyinyi vijana mliofunga maduka mje kunisikiliza, asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika 40. Wanaonijua wanajua zitaniishia nikiwa kwenye hoja ya kwanza, kwa hiyo naianza sasa hivi. Mada ni mifuko ya kampuni ndogo: watu wanachanga pesa, meneja anawanunulia hisa za kampuni hizo, na kila mchangaji anapewa vipande vyake vya mfuko.

Mtu ana mbuzi 40. Asubuhi hii sokoni mbuzi mmoja, tena wa mtu mwingine, ameuzwa shilingi 250,000. Mwenye mbuzi 40 anapiga hesabu: nina milioni 10. Anaandika kwenye daftari, jioni anawaambia wakwe zake. Lakini sokoni leo wanunuzi ni watano tu. Akiwafikisha mbuzi wote kwa pamoja, mnunuzi wa kwanza atatoa 250,000, wa pili atashuka hadi 220,000, na wa tano, akiliona kundi lilivyojaa nyuma, atataja 150,000 huku anatazama pembeni. Mbuzi 35 waliobaki hawana bei. Wana kamba shingoni, na jioni wanataka majani.

Hivyo ndivyo thamani ya mfuko wa kampuni ndogo inavyoandikwa. Meneja anachukua bei ya mwisho ambayo hisa iliuzwa, anaizidisha kwa hisa zote alizo nazo, anagawanya kwa idadi ya vipande, na wewe unaletewa kwenye simu bei ya kipande chako. Nambari safi kabisa, ina hata desimali. Swali langu ni hili: hiyo bei ya mwisho ni ya lini? Hisa ya kampuni kubwa imeuzwa leo. Ya kampuni ndogo huenda iliuzwa wiki tatu zilizopita, hisa 500, kwa mtu mmoja aliyehitaji karo. Mkutano mzima wa wenye vipande unatajirika au kufilisika kwa bei ya mtu mmoja mwenye shida.

Tuone udogo tunaousema. Uganda Clays, wale wa vigae pale Kajjansi, ndio hisa za kwanza kuorodheshwa kwenye soko la hisa la Kampala, mwaka 2000. Hisa zao ni milioni 900. Kwa bei ya shilingi 10, kampuni nzima, matanuri, udongo na jina, ni shilingi bilioni 9. MTN Uganda, kampuni ya simu, iliingia sokoni 2021 kwa shilingi 200 kwa hisa, na hisa zake zinapita bilioni 22. Hizo ni zaidi ya trilioni 4. Moja inaingia ndani ya nyingine karibu mara 500. Tena hisa ya shilingi 10 ikisogea kwa shilingi moja tu, umepata au umepoteza asilimia 10 kabla dalali hajakata chake.

Najua kuna mtu anasema moyoni: huyu anachukia kampuni ndogo. Sivyo. Kampuni ya bilioni 9 inaweza kukua maradufu kwa mkataba mmoja mzuri au mtambo mmoja mpya. Ya trilioni 4 ikitaka kukua maradufu itafute trilioni 4 nyingine, na laini za simu tunazo tayari. Huko Marekani, mtafiti Rolf Banz alichapisha mwaka 1981 utafiti juu ya hisa za soko la New York, akaonyesha kwamba kwa miongo kadhaa kampuni ndogo zililipa kuliko kubwa, hata baada ya kuhesabu hatari yao. Watu wakaunda mifuko. Baada ya hapo ile ziada ikapungua sana, na mabishano hayajaisha hadi leo kama bado ipo. Maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya ziada hiyo ni malipo ya kusubiri mlangoni. Unalipwa kwa sababu siku ukitaka kutoka, mlango ni mwembamba. Anayetaka malipo hayo na bado anataka kutoka Jumatatu saa tatu asubuhi anataka vitu viwili visivyokaa pamoja.

Sasa mfuko wenyewe, maana watu hunijibu: meneja yupo, yeye ndiye atakayesumbuka na mbuzi. Sawa. Chukua mfuko wa shilingi bilioni moja. Wenye vipande ni kumi, kila mmoja milioni 100. Milioni 600 ziko kwenye hati fupi za serikali, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, na hisa za kampuni kubwa, zinazouzika ndani ya siku chache. Milioni 400 ziko kwenye kampuni ndogo ambazo kwa pamoja huuza hisa za milioni 2 kwa siku. Hata meneja akimkamata kila mnunuzi anayefika sokoni, milioni 400 ni siku 200 za biashara. Huo ni karibu mwaka.

Habari mbaya inakuja. Sita wanaomba kutoka. Meneja anauza kilicho rahisi, anawalipa milioni 100 kila mmoja kwa bei ya kwenye simu, wanaondoka wakimsifu. Wanne waliobaki hawajafanya lolote. Hawajanunua, hawajauza, walikuwa shambani. Lakini mfuko wao wa jana, uliokuwa na kampuni ndogo asilimia 40, leo ni kampuni ndogo asilimia 100. Wakitaka kutoka na wao, meneja anauza kwa lazima, bei inaporomoka hadi, tuseme, 60 kwa kila 100. Wanagawana milioni 240. Kila mtu milioni 60. Wote kumi waliamka na bei ileile kwenye simu. Waliowahi wamekula sehemu ya waliochelewa, na hakuna aliyeiba.

Msiseme haya ni ya Afrika tu. Uingereza, Juni 2019, mfuko wa meneja Neil Woodford wenye takriban pauni bilioni 3.7 ulifunga milango kwa sababu hiyohiyo: wanaotoka wengi, na ndani kumejaa hisa za kampuni ndogo na nyingine zisizo sokoni kabisa. Haukufunguliwa tena.

«Lakini mwalimu, mimi ni wa muda mrefu, sitoki.» Vizuri. Karo ya Februari je? Mgonjwa hospitalini je? Halafu, hata usipotoka wewe, mwenzako anatoka. Hesabu ya wale wanne haikuwauliza subira yao.

Kwa hiyo usimuulize meneja kwanza mwaka jana ulileta asilimia ngapi. Muulize inamchukua siku ngapi kuuza nusu ya mfuko. India wanalifanya hadharani: tangu 2024 mifuko yao ya kampuni ndogo huchapisha siku zinazohitajika kuuza robo na nusu ya mali yake. Na kule neno lina mpaka: kampuni ndogo ni ya 251 kwa ukubwa kwenda chini, na mfuko unaojiita hivyo sharti uweke humo angalau asilimia 65. Soko letu zima halifiki kampuni 20, kwa hiyo mtu akikuuzia hapa «mfuko wa kampuni ndogo», muombe orodha ya kilichomo. Mifuko yetu mingi imejaa hati za serikali, na si kosa, ila isiitwe kitu kingine.

Swali la pili kwa meneja: wenye vipande wakubwa watano wanashika asilimia ngapi? Kama taasisi moja ina nusu, kutoka kwake ndiko kutoka kwako. La tatu: anayetoka analipa gharama ya kutoka kwake? Mfuko unaokata kidogo kwa anayetoka, na kuiacha pesa hiyo ndani, unamlinda anayebaki. Mfuko unaotaka notisi ya siku 30 pia ni mzuri, ingawa najua mnaukimbia. Na meneja akisema «tumefunga, hatupokei pesa mpya», msikasirike. Anajua soko lake lina wanunuzi watano.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu nzima juu ya kampuni zinazokufa, lakini nitaigusa tu. Home Afrika ya Nairobi, kampuni ya majengo, ilianza sokoni 2013 kwa shilingi 12 za Kenya kwa hisa, baadaye ikawa chini ya shilingi moja. Kwa wanaotaka kufuata fahirisi ya Marekani ya Russell 2000, yaani kipimo cha bei za kundi la hisa za kampuni ndogo za huko: ilipanda takriban asilimia 47 mwaka 2003 na kushuka takriban 34 mwaka 2008, na kampuni nyingi ndani yake hazipati faida. S&P SmallCap 600, fahirisi nyingine ya kampuni ndogo, hudai faida kabla ya kuingiza kampuni. Mimi ningeanza na hiyo.

Kodi, haraka: mfuko wa Marekani ukikulipa gawio, yaani mgao wa faida, wewe Mganda, wanakata asilimia 30 palepale, maana hatuna mkataba wa kodi nao. Mfuko wa aina hiyohiyo uliosajiliwa Ireland hukatwa 15 ndani yake. Na ukifa ukiwa na mali ya Marekani inayozidi dola 60,000, warithi wako watakutana na kodi ya urithi ya huko. Mambo ya dola na shilingi niulizeni nje.

Mzee wa nyuma ameuliza kwa nini ajisumbue wakati bondi ya serikali ipo. Swali zuri kuliko mhadhara wangu. Bondi ya miaka 10 inayolipa asilimia 16, ukitoa kodi ya 10 katika kila 100 ya riba, inakuachia 14.4, na unaanza na shilingi 100,000. Kampuni ndogo isiyotarajiwa kukupa zaidi ya hapo, baada ya ada ya meneja, haina sababu ya kununuliwa. Kama unayo pesa ambayo hutaihitaji kwa miaka saba, toa sehemu moja kati ya kumi uiweke kwenye mfuko wa kampuni ndogo, uingie kidogo kidogo kila mwezi, na baada ya miezi mitatu uombe kutoa 50,000 uhesabu siku hadi zifike kwenye simu. Zikifika siku ya tatu, ujue umeuza mbuzi mmoja. Lile swali la siku za kuuza nusu ya mfuko bado ulipeleke, kwa barua, na jibu ulitake kwa barua.