Rukia Apanda Palamidi

SALIM: Asalaam aleikum, karibuni. Leo tuna mafunzo matano ya msafiri anayekwenda Ugiriki mara ya kwanza, nimeyaandika hapa. Lakini kwanza, mbona mwenzangu umekaa upande kama kiti kina miba?

RUKIA: Mapaja, kaka. Tangu Jumanne nikishuka ngazi za nyumbani nashika ukuta.

SALIM: Waambie umetoka wapi.

RUKIA: Nafplio. Mkutano wa Athens ulipokwisha nikapanda basi, saa mbili na ushei, nikashuka baharini. Mji mdogo, lakini ndio ulikuwa mji mkuu wa Ugiriki kabla haujahamishiwa Athens mwaka 1834. Juu yake kuna jabali la mita 216, na juu ya jabali ngome ya Palamidi. Na kila mtu pale, toka mwenye hoteli mpaka muuza aiskrimu, anakwambia: ngazi 999.

SALIM: Ukahesabu.

RUKIA: Nikahesabu. Nimefika 412, mzee mmoja akaniambia "kalimera". Na mimi mtu wa adabu, nikaitika. Hesabu ikapotea.

SALIM: Hiyo 412 ulikuwa wapanda au washuka?

RUKIA: ...

SALIM: Rukia.

RUKIA: Nashuka. Kuna barabara upande wa nyuma, nilipanda kwa teksi.

SALIM: Hahaha! Wasikilizaji mnamjua huyu. Ndiye aliyepiga picha kwenye geti la Kilimanjaro akarudi zake Moshi.

RUKIA: Nilikuwa na homa! Na Palamidi nimepanda. Nilikuwa chini, nikawa juu.

SALIM: Teksi ndiyo iliyopanda. Wewe umeshuka.

RUKIA: Sikiliza. Watu wa Venice waliijenga ile ngome 1711 mpaka 1714. Mwaka 1715 Waturuki wakaichukua. Watu wameitolea jasho miaka mitatu, hata chokaa haijakauka vizuri. Unadhani kuna aliyewauliza mmepitia wapi? Na Wagiriki walipoitwaa usiku mmoja wa Novemba 1822, waliparamia ukuta gizani.

SALIM: Waliparamia! Waomani nao walikaa nje ya Fort Jesus karibu miaka mitatu mpaka ikaanguka 1698. Hawakusimamisha teksi.

RUKIA: Zingekuwepo wangesimamisha.

SALIM: Haya, mafunzo. La kwanza...

RUKIA: Ngoja. Jina Palamidi latokana na Palamedes, shujaa wa hadithi zao za kale. Wanasema ndiye aliyebuni dadu, na ndiye aliyewafundisha watu kuhesabu.

SALIM: Yaani mlima wa mwalimu wa hesabu, na hesabu ikakushinda palepale!

RUKIA: Imewashinda na wenyewe. Vitabu vya wageni vinasema 857. Wenyeji wanashikilia 999, na ati zilikuwa 1000, farasi wa Kolokotronis, yule jemadari wao wa vita vya uhuru, akaivunja moja.

SALIM: Hiyo ni moja. Zile 142 nyingine?

RUKIA: Labda ndizo nilizopita nikiwa garini.

SALIM: Umekiri!

RUKIA: Sijakiri kitu. Kuna makumbusho ya komboloi pia, shanga kama tasbihi, ila wazee wao wanazichezea tu mkononi wakinywa kahawa. Nimekununulia moja.

SALIM: Ungehesabia ngazi.

RUKIA: Aa, kilichonigusa kweli si ngome. Ni kanisa dogo la Mtakatifu Spyridon, kichochoroni. Kapodistrias, kiongozi wa kwanza wa dola ya Wagiriki, aliuawa mlangoni pale mwaka 1831 akienda ibada asubuhi. Na waliomuua ni Wagiriki wenzake, watu wa ukoo mmoja aliokuwa amemfunga mkubwa wao. Alama ya risasi ipo ukutani, wameifunika kioo. Nimesimama pale nikasahau hata picha.

SALIM: Subhanallah.

RUKIA: Ndiyo.

SALIM: ...Na kufika hapo kanisani, kuna ngazi ngapi?

RUKIA: Salim!

SALIM: Nauliza tu. Lakini kwa haki, dada: mtu akienda Lamu kwa ndege, aseme amevuka bahari?

RUKIA: Amevuka.

SALIM: Ameirukia.

RUKIA: Yuko ng'ambo au hayuko? Mamangu na goti lake akifika juu kwa gari, utamwambia hajapanda?

SALIM: Mama simtii humu. Nakusema wewe, mwenye magoti mazima.

RUKIA: Basi hatuelewani.

SALIM: Hatuelewani. Naona naonyeshwa vidole viwili hapa, dakika mbili. Mafunzo yenyewe hata moja hatujasoma. Viza, msimu, nauli...

RUKIA: Waambie wabebe maji. Juu mle kivuli hakuna.

SALIM: Imetosha. Na kichwa cha kipindi leo nakiweka: "Rukia Ashuka Palamidi."

RUKIA: Weka. Nywila ya akaunti ninayo mimi.